Vitunguu Kumi na Vitatu Nyuma ya Jiko la Mama

Mama tulimzika Ijumaa, na Jumamosi asubuhi, kabla hata sijaenda kuliangalia kaburi, nilizunguka nyuma ya jiko lake kuona kama maua yangu bado yapo. Sioni haya kusema hivyo. Wanawake waliokuwa wakisugua sufuria uani waliniona nimeinama pale, mtu mzima wa miaka hamsini na saba, gauni limeloa umande hadi magotini, wakadhani nimezidiwa na huzuni wakaniacha. Huzuni ilikuwepo, sana. Lakini pale nilikuwa nahesabu majani. Jiko lenyewe si lile la zamani. Siku hizi ni la mabati na saruji, wajukuu walimjengea, ila limesimama palepale liliposimama la udongo, kwa sababu Mama alikataa lisogezwe hata hatua moja. Wajukuu walisema ni ukaidi wa uzee. Mimi nilijua sababu, au nilidhani naijua, maana mpaka Jumamosi ile nilikuwa nimetembea na nusu tu ya habari kwa miaka thelathini na mitano.

Mama ninayemsema si aliyenizaa. Ni Salome, mama wa mume wangu, na boma lake liko milimani Gwassi, kule juu kabisa. Watu wakisikia Homa Bay hufikiria joto, ziwa na samaki, na kweli hayo yote yapo chini. Lakini ukipanda huko juu, asubuhi ukungu unaingia mpaka chumbani, nguo ukianika Jumatatu unavaa Alhamisi ikiwa bado na unyevu, na mtu anaota moto mchana. Mimi nilitoka Macalder, upande wa Migori, ambako ardhi inachoma nyayo na watu wanachimba dhahabu vifua wazi. Nilifika Gwassi nikiwa na blanketi moja jembamba, sanduku la bati, na katoni ya maziwa yenye vitunguu kumi na vitatu vya maua. Nilikuwa nimevichimba kwenye bustani iliyokufa ya nyumba ya mkubwa mmoja wa zamani wa mgodi, nyumba isiyo na paa tena, ambako maua hayo yalijiotea tu kila mwaka bila mtu kuyaangalia. Shina moja refu, maua meupe yamepangana juu yake, na jioni harufu yake inakufuata njiani. Kwamba yanaitwa tuberozi nilikuja kuambiwa na wauza maua wa Migori nilipokuwa na watoto wawili. Huko Gwassi waliviona wakasema Nyar Kadem amekuja na vitunguu vyake, kana kwamba milimani hakuna vitunguu. Ndivyo wake wanavyoitwa kwetu, kwa walikotoka: mimi nilikuwa binti wa Kadem, ndiko Macalder iliko, na mke wa kaka mkubwa wa mume wangu alikuwa Nyar Kanyada. Salome pia alikuwa na jina la namna hiyo wakati wake, lakini waliomwita hivyo walikuwa wamekwisha kufa karibu wote.

Nilikaa miezi minne ya raha ya kiasi, kisha baba mkwe akafa. Mume wangu alikuja kutoka kisiwa cha Remba alikokuwa akivua, akazika, akanyoa nywele za msiba, akarudi Remba. Nilibaki katika nyumba yetu ndogo karibu na lango, chumba kimoja chenye kitanda cha kamba, dirisha la ukubwa wa sahani, na ukuta uliotoa jasho. Nilitegemea nitakaa matanga pamoja na wengine, nilie inavyotakiwa, maisha yaendelee. Sikujua kwamba mlango umefungwa na ufunguo uko mkononi mwa mama mkwe wangu, naye hataki kuutumia.

Jambo lenyewe ni hili, na kwa Mjaluo halihitaji maelezo, lakini wajukuu wangu wa Nairobi nao husoma. Katika boma, mbegu ya kwanza inatiwa ardhini na mama mwenye boma. Tunaita golo kodhi. Yeye akishapanda, hata kama ni mstari mmoja wa mtama, ndipo anafuata mke wa mwanawe mkubwa, kisha mke wa anayefuata, hivyohivyo mpaka wa mwisho. Ukiruka foleni umeita chira, laana ya kuvunja mwiko, na chira haichagui; inaweza kumchukua mtoto wa mtu ambaye hakufanya lolote. Sasa, mama mwenye boma akifiwa na mume, hapandi mpaka arithiwe na mmoja wa ndugu wa marehemu. Na Salome alikuwa amesema hatarithiwa. Alikuwa mtu wa kanisa, amezaliwa mara ya pili, mwanamke asiyedanganya hata muuza duka aliyemrudishia chenji ya ziada. Alisema mume wake alikuwa mmoja na amemzika. Basi. Hakupiga kelele, hakulia, alisema mara moja tu akiwa anachambua omena, dagaa wa ziwani, akaendelea kuchambua.

Aliyetumwa kumrithi alikuwa Jaduong' Okelo, yaani Mzee Okelo, mdogo wa marehemu, mzee mrefu mwenye kikohozi, na ningependa kusema alikuwa mtu mbaya ili hadithi yangu iwe rahisi. Hakuwa. Alikuwa na wake wawili wanaomtosha na zaidi ya kumtosha. Alichokuwa nacho ni hofu. Alikuwa amezika watoto, na kwa kila mtoto aliyemzika alijua, au alidhani anajua, ni kosa gani lililomwua. Alikuja kila wiki, anakaa kwenye kiti kilekile sebuleni chini ya kalenda ya kanisa, anapewa chai, anauliza, anajibiwa hapana, anaondoka. Na kabla hajaondoka alituagiza sisi wake: hakuna kutoka kwenda kulala kwetu mpaka neno hili liishe. "Mkitoka na kilio ya hii nyumba mkalala kwa mama zenu, mmewapelekea kifo," alisema. Mimi nilikuwa nikipanga kwenda Macalder kuota jua wiki mbili. Lango lilikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu. Nilikuwa nikilitazama kila nikifungua dirisha.

Mvua kubwa ilianza mwisho wa Machi, na hapo ndipo nilipojua maana ya kufungiwa. Sijawahi kufungwa jela, lakini nadhani jela angalau haina shamba mbele yake. Kupitia ua wa minyaa tuliona majirani wakipanda, wakipalilia mara ya kwanza, mahindi yao yakifika magotini, na upande wetu magugu yamenawiri kwa furaha. Mume wa Nyar Kanyada aliazima ng'ombe akalima shamba lote kwa matumaini, halafu likakaa limegeuzwa, jekundu, linanyeshewa bure. Kila jioni tulikula ugali wa mahindi ya kununua, na omena ambazo mume wangu alizituma kutoka Remba kwenye gunia, omena za kuchemsha, omena za kukaanga, omena na mboga pori, omena na omena. Mpaka leo nikisikia harufu yake asubuhi namkumbuka Nyar Kanyada akigawa: anawapa watoto wake watatu kwanza, anatazama sufuria, anatugawia sisi, anatazama sufuria tena. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa, na nilimwogopa kuliko Okelo. Nilidhani ananiona mzembe. Nilikuwa mzembe.

Na chini ya kitanda changu, ndani ya katoni ya maziwa, vitunguu vilianza kuchipua. Havikuuliza nani amerithiwa. Kimoja kimoja vilitoa ncha ya kijani, nyembamba, ikaanza kujikunja kutafuta mwanga, na viwili vikalainika chini kwa sababu chumba kilikuwa baridi na unyevu. Maua haya ni ya joto. Udongo wa baridi ukikaa na maji unayaozesha kabla hujajua, na mimi nilikuwa nimeyaleta mahali pa baridi kuliko pote nilipowahi kulala. Kila siku nilijiambia nisubiri. Kila siku nikavuta katoni nikatazama. Nakumbuka nililia juu ya vile vitunguu, kilio cha kweli cha kamasi, na mtu angeniuliza nalilia nini ningesema maua, na ningekuwa nadanganya.

Siku moja Mama alikuwa kwenye maombi ya akina mama, Nyar Kanyada ameenda kufua mtoni na watoto wake, na boma lilikuwa kimya. Nikafikiri: hii si mbegu. Hailiwi. Nani amewahi kufa kwa ua? Nilikuwa nimeshapachagua mahali zamani. Ukuta wa nyuma wa jiko la Mama ulikuwa wa udongo mnene, na meko yalikuwa upande wa pili yakiwaka tangu alfajiri mpaka usiku, kwa hiyo ukiweka kiganja nje unasikia vuguvugu, na ardhi iliyo chini yake haikuwahi kulowa kabisa kwa sababu ya nyasi za paa. Nilichimba mtaro mfupi kwa kijiko cha ugali. Chini nikaweka vigae vya chungu kilichovunjika ili maji yasituame, juu yake majivu na mchanga, kisha nikapanda vyote kumi na vitatu kimoja kimoja, kwa mstari, shingo imechungulia kidogo tu juu ya udongo, kuanzia kona mpaka karibu na mlango wa nyuma. Hata vile viwili vilivyolainika nilivikata sehemu iliyooza, nikavipaka majivu, nikapanda. Kila jioni ukungu ulipoanza kushuka nilivifunika na vigae vikubwa, kila asubuhi nikavifunua. Kwa kazi hiyo niliweza kuchuchumaa pale mara mbili kwa siku, mgongo kwenye ukuta wa joto, na hiyo ndiyo sehemu pekee ya boma lile ambako sikutetemeka.

Ukuta ulikuwa na masikio pia. Kutoka ndani nilimsikia Mama akiomba kwa sauti ya chini huku akikoroga uji, akiyataja majina yetu kwa foleni ileile ya kupanda, Nyar Kanyada kwanza, mimi baadaye. Siku nyingine nilimsikia Nyar Kanyada akimwambia, "Mama, hawa watoto watakula nini Agosti?" na nikasikia mwiko wa Mama umesimama. "Sijui, nyathina," akasema. "Kama ningejua ningekuambia." Nyathina ni mwanangu. Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo mbele za watu. Nilirudi chumbani kwangu nikiwa na hasira na Mama kwa mara ya kwanza. Nilijiuliza, huo wokovu wake ni wa nani, kama sisi wote tunaufia. Naandika hivyo hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofikiri.

Wiki ya pili, majani yalikuwa yametoka urefu wa kidole. Asubuhi moja Mama alinituma kisimani kabla ya chai, mitungi miwili, jambo asilowahi kufanya. Niliporudi nilikuta wazee wanne wameshaingia sebuleni, Okelo chini ya kalenda yake, na vigae vyangu vimeondolewa na kuwekwa kando. Udongo nyuma ya jiko ulikuwa umechafuka, nikadhani ni wao walioukanyaga kuchungulia. Nilitua mitungi. Niliitwa ndani nikakaa chini kwenye mkeka, Nyar Kanyada kando yangu na mtoto mdogo mapajani, mikono ameificha chini ya shuka ya mtoto. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Kucha zake zilikuwa na udongo. Nilifikiri alikuwa akichimba viazi.

"Salome, hatukuja kugombana," Okelo alianza. "Tumekuja kuuliza tu. Nyuma ya jiko yako kuna kitu imepandwa. Tumeambiwa, na tumeona."

"Kwanza tujue ni nini," alidakia mzee mmoja mfupi aliyependa kesi kuliko chakula. "Inaliwa?"

"Hailiwi. Ni maua," mzee mwingine alijibu.

"Basi si mbegu. Hata nyasi inaota yenyewe."

"Tumbako inaliwa?" Okelo aliuliza. "Na nani hapa anaweza kupanda tumbako mbele ya mama yake?"

"Tumbako unavuta. Kuvuta ni kama kula."

"Na hii?"

"Hii wanasema unanusa."

"Sasa kunusa na kuvuta si ni pua moja?"

Yule mfupi alifikiri, akakubali kwamba ni pua moja. Leo nacheka. Siku ile nilikuwa nimebana ulimi kwa meno kwa sababu nilijua hukumu imeshatoka: kilichopandwa ni mbegu, na aliyepanda atarudishwa kwao na mahari itadaiwa, na baada ya hapo watamgeukia Mama wamwambie, unaona ukaidi wako umefikisha boma wapi, na safari hii hatakuwa na la kujibu. Nilifungua mdomo niseme ni mimi. Nafikiri nilifungua. Sina hakika, na hilo limenisumbua kuliko mengine.

"Ni mimi nimepanda," Mama alisema. "Na hii mikono."

Okelo alikohoa, akangoja kikohozi kiishe. "Wewe? Na kilio bado iko juu yako?"

"Vile unaniona."

"Salome, unajua maana ya hiyo neno umesema?"

"Najua. Nimetoa mbegu. Wenye kunifuata wanifuate, nisiwazuie tena."

"Kitu ikipata hawa watoto?"

"Ije kwangu. Mwambie hiyo chira njia ya nyumba yangu ni hii tu, haina kona." Akasimama, akauliza nani hataki sukari kwenye chai.

Hakunitazama. Siku ile nzima hakunitazama, na jioni alitandaza gunia juu ya vijiti kuyafunika maua mwenyewe, kuanzia jioni ile na kila jioni iliyofuata. Mimi sikukanyaga tena nyuma ya jiko. Kesho yake Mama alitoka na kikapu cha maharagwe, akapanda, na nyuma yake Nyar Kanyada, kisha mimi, na tulipanda siku sita mfululizo tukiwa tumepinda migongo, mahindi ya muda mfupi, maharagwe, viazi vitamu, chochote kilichoweza kuwahi mvua zilizobaki. Nilipaswa kufurahi. Lango lilikuwa wazi, Okelo hakutuzuia tena kwenda kwetu, na sikwenda. Nilikuwa nimefungwa upya na kamba mbaya zaidi. Mwanamke asiyedanganya alikuwa amedanganya mbele ya wazee kwa ajili yangu, akaibeba chira yangu kichwani, na sikuwa na ujasiri hata wa kusema asante, kwa sababu kusema asante kungekuwa kukiri.

Mwezi wa sita Akoth, binti wa kati wa Nyar Kanyada, aliugua. Homa, matapishi, macho yamegeuka. Nilijua. Kila mtu alijua. Tulimbeba kwenye zahanati kwa zamu, mimi na mama yake, mteremko wote, na Nyar Kanyada hakusema neno njia nzima, nami nikachukua ukimya wake kuwa ni hukumu. Mganga wa zahanati alisema ni malaria, ameiokota alipopelekwa ziwani kwa shangazi, akampa sindano. Siku nne nilikaa nje ya wodi nikimwahidi Mungu mambo ambayo sijatimiza mpaka leo. Siku ya tano Akoth aliomba mkate. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi nikalia tena, safari hii nikijua nalilia nini.

Mavuno hayakuwa makubwa, lakini yalikuwepo, na siku Mama alipopika ugali wa kwanza wa mahindi mapya, Okelo alikuja. Alikaa kwenye kiti chake, akanawa, akatazama ule ugali muda mrefu, akala. Akamaliza. Sidhani nimewahi kuona mtu mwenye ujasiri zaidi yake siku ile, ukikumbuka alichoamini.

Maua hayakutoka mwaka ule. Baridi ilikuwa nyingi mno. Yalitoa majani tu, mengi na membamba, na Desemba majani yakawa ya manjano yakalala. Mume wangu alikuwa ametuma neno kwamba amepata kazi Migori mjini na anakuja kunichukua. Mama aliniambia, kama anavyoagiza mtu akalete kuni, "Nyar Kadem, kachimbue vitu vyako kabla mvua haijaviozesha." Nilichimba kwa kijiko kilekile, nikianzia kwenye kona. Na hapo mkono ulisimama. Nilikuwa nimepanda kimoja kimoja. Shimo la kwanza lilikuwa na vitunguu viwili, vimekaa bega kwa bega. La pili viwili. La tatu viwili. Mama hupanda maharagwe mawili mawili kila shimo, amefanya hivyo maisha yake yote, na nilikuwa nimetembea nyuma yake siku sita nikimwona. Mashimo sita ya viwili viwili, na cha kumi na tatu, kile karibu na mlango, peke yake, palepale nilipokiweka mimi. Nikaelewa kwa nini nilitumwa kisimani. Alikuwa amevichimba vyote asubuhi ile akavipanda upya kwa mikono yake, kabla ya wazee kukaa, ili atakaposema ni yeye aliyepanda awe hasemi uongo. Kile kimoja nilidhani alikisahau, au wazee walifika kabla hajamaliza. Nilikaa kwenye udongo pale nikacheka peke yangu kwa mara ya kwanza tangu Machi, na kile nilichokuwa nimekibeba kifuani kikashuka. Alipochungulia mlangoni kuuliza nacheka nini nilisema mchwa ameniingia. Alisema mchwa wa Gwassi wana mzaha. Nusu ya vitunguu nilikwenda navyo Migori, nusu nikamwachia kwenye kikapu juu ya uchaga wa meko, kwenye moshi, pakavu, nikamweleza jinsi ya kuvirudisha ardhini. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayefundishwa kupika maji.

Vilitoa maua mwaka wa tatu. Niliambiwa na mchuuzi wa samaki aliyetoka huko: "Mama yako anasema vitunguu vimenuka." Tangu hapo kila mwaka alivifukua, akavikausha, akavirudisha kwenye ukuta wenye moto, na huko Migori, ambako maua haya yanamea hata ukiyatupa, nimesomesha watoto wanne kwa kuyauza makanisani na kwenye harusi. Miaka tisa iliyopita mume wangu alifariki. Watoto wa Okelo walikuja, wakanywa chai, wakazungumzia barabara, wakaenda zao, na hakuna aliyetaja kunirithi. Mama ndiye aliyebaki nami wiki tatu, na mvua ya kwanza ilipopiga bati aliniletea jembe mlangoni akasema, "Toka." Nilipanda nikiwa na nguo ya kilio. Wala sikuogopa.

Haya yote niliyafikiri Jumamosi ile nikiwa nimeinama nyuma ya jiko, na mchana, watu walipopungua, niliingia ndani nikamkuta Nyar Kanyada ameketi karibu na meko, magoti yake mabovu ameyanyoosha, anamenya ndizi. Sasa yeye ndiye mama mwenye boma. Mvua ijayo atapanda wa kwanza. Nikaona ni vibaya aanze bila kujua. Nikachukua kisu nikamsaidia, nikasema, "Kuna kitu nimekaa nacho miaka yote. Yale maua ya nyuma, yaliyoleta wazee. Aliyepanda kwanza si Mama. Ni mimi."

Hakuacha kumenya. "Wewe unafikiri hiyo ni siri? Mimi ndiye nilipeleka hiyo maneno kwa Okelo."

Nilikasirika. Miaka thelathini na mitano, na Mama yuko kaburini siku moja tu, nami nilikasirika kama msichana. Nikamwuliza nilikuwa nimemkosea nini.

"Hakuna. Watoto wangu walikuwa na njaa," alisema. "Nilisema, wakikurudisha kwenu, Mama ataogopa, atakubali kurithiwa, tutalima. Sikuwa nafikiria wewe kabisa. Nisamehe kama unaweza, lakini ningefanya tena." Aliweka ganda la ndizi kwenye beseni. "Halafu kesho yake, kabla jua halijatoka, akagonga mlango yangu. Alikuwa amesikia. Hakuniuliza nani alisema. Aliniambia tu, kuja na mikono yako. Tukangoja uende kisimani."

"Tukangoja?"

"Mimi na yeye. Alisema wewe usijue, uso yako haiwezi kuficha kitu, wazee watakusoma. Tulichimbua zote. Kila shimo anaweka yake kwanza, halafu ananiambia, sasa wewe, weka yako hapo kando. Shimo ya kwanza, mimi nalia. Ya pili, nalia. Akasema wacha kulia, utaharibu foleni. Mama kwanza, wewe wa pili. Shimo sita." Alinyoosha mikono yake mikubwa akaitazama, nami nikaikumbuka imefichwa chini ya shuka ya mtoto.

Nikaweka kisu chini, nikauliza. "Na ile ya mwisho? Ile iliyokuwa peke yake, karibu na mlango?"

"Hiyo hatukugusa. Mimi nilitaka kuing'oa, akanishika mkono. Akasema, iache hapo. Hiyo ni ya Nyar Kadem. Yeye ni wa tatu, na amepanda tayari."